Bomba la Pazia la Mama Mkwe

Simu ilipigwa asubuhi, na tangu hapo Fortunato hakukaa kitako. Mama mkwe wake, Teresina, alikuwa anarudi kutoka kambini Adjumani, ng'ambo ya mpaka. Chakula cha kambi kilikuwa kimepunguzwa mpaka kikawa cha kuonja, kifua chake hakikuwa kizima, na nyumbani kwake Kajo Keji palibaki kuta zisizo na paa. Angekaa Juba kwa binti yake mpaka mvua ziishe. Binti yake ni Prossy, mke wa Fortunato. Na nyumba ya Fortunato na Prossy, pale Munuki, ilikuwa na chumba kimoja.

Mtu wa leo atauliza, shida iko wapi? Bibi atandikiwe godoro, alale. Mtu wa leo humpokea mama mkwe uwanja wa ndege kwa kumkumbatia, wakapiga picha shavu kwa shavu. Fortunato, ambaye kazi yake ni kupakua mizigo hapo hapo uwanja wa ndege, alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake, na kila mara aligeuka akajifanya anasoma maandishi ya maboksi. Yeye alilelewa na watu waliojua kwamba mama aliyekuzalia mke hatazamwi usoni. Mkikutana njiani, mmoja wenu anaingia majanini. Hamli mkionana. Hamsemezani, na kama kuna jambo la lazima, linapitishwa kwa mtu wa tatu, au kwa mbuzi aliyefungwa karibu, au kwa mtungi wa maji. "Mtungi, mwambie huyo mtu kwamba mahindi yake yameingiliwa na ng'ombe." Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na siku hizo heshima ilikuwa na mwili. Ungeiona ikitembea, ikipinda njia.

Tena kulikuwa na jambo lililomkereketa zaidi. Kwa desturi, mwanamume humjengea mama mkwe nyumba. Fortunato alioa vita vikiwa vimeshika njia zote, kila mtu akakimbilia kwake, na mpaka leo hakuwa amemlimia Teresina hata tuta moja wala kumkandikia hata ukuta mmoja. Sasa mama huyo anakuja chini ya paa lake mwenyewe. Jicho lisikutane na jicho, basi. Likikutana, bibi atafunga mzigo wake aondoke, na maneno yatamtangulia mpaka Kajo Keji: Fortunato hakumjengea mkwewe, na alipomkaribisha akamvunjia heshima.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu na nyembamba, kama boksi la viatu. Mbele, upande wa barabara, kulikuwa na mlango, dirisha, na nje yake rakuba, yaani kibanda cha nguzo na nyasi cha kukalia mchana. Nyuma kulikuwa na mlango mwingine unaotokea jikoni na chooni, lakini hakuna dirisha. Fortunato alipiga hesabu yake akitembea huku na huku. Bibi apewe nyuma, karibu na binti yake na choo. Yeye abaki mbele, aingie na kutoka kwa mlango wa barabara. Katikati, kutoka ukuta hadi ukuta, liwekwe pazia.

"Tufunge kamba," alisema Prossy. "Nitatundika shuka."

"Kamba ni ya kuanikia suruali," alisema Fortunato. "Mama yako si suruali."

Akaenda kwa Sanyu.

Sanyu ni Mganda mwenye duka la mapazia karibu na kijiwe cha bodaboda. Mume wake, Jude, hukaa nje juu ya pikipiki yake akiwa na drili ya betri begani. Mke akiuza, mume anakwenda kufunga. Dukani mabomba ya pazia yalisimamishwa pembeni kama mikuki: ya fedha, ya shaba, ya dhahabu, mengine yana vichwa vya mviringo, mengine vichwa vya majani. Fortunato aliyatazama kwa uchungu. Zamani mlango ulikuwa na mkeka. Mkeka uliusuka mwenyewe.

"Karibu, mzee wangu. Dirisha yako iko na upana gani?"

"Si dirisha. Ni nyumba, katikati, ukuta kwa ukuta."

"Nyumba mzima? Unataka kuivalisha gomesi kama mwanamke wa kwetu?"

Jude alicheka huko nje. Fortunato hakucheka. Alifungua mikono, akaonyesha dhiraa moja, akaihesabu hewani mpaka akafika kwenye mlango wa duka na kutoka nje. Sanyu akaacha mzaha.

"Hapo ni mbali. Chukua hii." Akatoa bomba jeusi, nene, lisilo na kichwa wala pambo. "Hii haipindi. Inashikwa kwa ukuta huku, kwa ukuta huku, halafu ya katikati inaning'inia kwa mti wa paa."

Fortunato aliligonga kwa kucha. "Hili ni bomba la maji."

"Ni bomba la maji, ndiyo. Tumelipaka rangi tu. Ndiyo maana lina nguvu."

"Mama mkwe wangu alale chini ya bomba la maji?"

"Eh, ni ya mama mkwe?" Sanyu akamtazama upya. "Basi mzee, msikilize mtoto wako. Hizi za dhahabu ziko za dirisha. Ni bomba mbili, moja inaingia ndani ya mwenzake. Ukiivuta mpaka mwisho, pale zinaposhikana inachoka."

Lakini Fortunato alikuwa ameshalishika la dhahabu, lenye vichwa vya majani. Lilimetameta. Aliwaza jinsi Teresina, ambaye kambini alilala chini ya turubai, atakavyoinua macho na kuliona. Hakumjengea nyumba, walau ampe dhahabu.

"Hili," alisema.

"Mteja ni mfalme," alisema Sanyu, akageuka kuchukua vitambaa. "Hata mfalme huanguka."

Kitambaa kilimchukua muda mrefu zaidi. Kila kimoja alikipeleka mlangoni, akamwambia Sanyu akishike kwenye jua, na yeye akasimama upande wa pili akikitazama. Kama aliona kivuli cha Sanyu, alikataa. Kitambaa kinachoonyesha kivuli kina tofauti gani na macho? Mwisho akachukua kizito cha rangi ya zambarau iliyoiva, kikashonwa tabaka mbili. Sanyu akauliza kama anataka na ile mikanda ya kulikusanya pazia pembeni, yenye vishada, inapendeza.

"Pazia hili halikusanywi," alisema Fortunato.

Jude alikuja kufunga siku hiyo hiyo. Drili iligusa ukuta, saruji ikapasuka kidogo, halafu vumbi jekundu likamwagika bila kwisha.

"Mzee, ukuta wako umejipaka poda tu. Ndani ni udongo." Akaweka drili chini. "Vile vizibo vya plastiki havitashika hapa. Una kipande cha mti wa msaji?"

Fortunato alikuwa nacho. Jude akachonga vigingi, akavipigilia ukutani, akafungia vishikio kwenye msaji badala ya kwenye udongo. Vikashika. Fortunato, ambaye hakupenda kumsifu mtu aliyezaliwa juzi, alivuta kishikio kwa nguvu zake zote, akasema, "Mm." Kisha wakapandisha bomba na pazia lake. Vichwa vya majani vikametameta kila upande. Na katikati bomba likabonyea, taratibu, kama kamba iliyoanikwa blanketi bichi.

Walilitazama wote wawili.

"Kesho litazoea," alisema Jude.

"Litazoea nini? Bomba ni ng'ombe wa kulima?"

Jude alifunga begi lake haraka, akakumbuka kwamba kuna abiria anamngoja.

Teresina aliwasili kesho yake mchana kwa gari la kutoka Nimule, mpakani. Fortunato hakumwona. Alisimama nyuma ya nguzo ya rakuba akiwa ameelekea barabarani, mikono nyuma, kama askari aliyesahauliwa zamu yake. Alisikia tu miguu: ya Prossy, myepesi, na mingine inayokokota ndala. Majirani walimsimulia baadaye kwamba bibi aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amejifunika milaya kichwani mpaka kifuani, binti yake akimwongoza kwa mkono kama kipofu. Milaya ni yale mashuka ambayo wanawake wa kwao huyatarizi maua kwa mkono, mshono kwa mshono, na msichana hakuolewa bila kuwa nayo. Siku hizi bibi harusi hupewa blanketi la dukani lenye picha ya chui. Fortunato aliposikia habari ya milaya, moyo wake uliruka. Mama huyu bado anajua.

Basi shida ikaanza jioni hiyo hiyo. Bomba likiwa limebonyea, pete za pazia zilianza kuteleza kuelekea bondeni. Moja moja, zinalia kidogo, krr, krr, zinakusanyika katikati. Na pazia likikusanyika katikati, pembeni kwenye kuta pakafunguka nafasi. Fortunato aliinua macho kutoka kwenye bakuli lake la kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi, akaona, kwenye nafasi ya upande wa kulia, kisigino. Kisigino kikavu cha mwanamke mzee, juu ya mkeka.

Aliruka. Akashika pazia bila kutazama, akalisukuma mpaka ukutani. Alipogeuka, nafasi ya kushoto ilikuwa imefunguka. Akakimbilia huko. Ya kulia ikafunguka tena. Alihangaika hivyo mpaka mchuzi ukapoa, na alipokuwa akienda tena kulia aliona pazia likisogea lenyewe. Vidole vyembamba, upande wa pili, vilikuwa vinalisukuma vilevile.

Asubuhi ilikuwa hivyo. Mchana aliporudi kutoka kazini ilikuwa hivyo. Watu wawili ambao hawakupaswa kujuana walikuwa wanafanya kazi moja, kila mmoja upande wake, pete zikilia krr, krr kutwa nzima. Fortunato hakuweza kuvua shati. Hakuweza kulala kifudifudi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama abiria anayengoja gari.

"Mama naye haketi," alisema Prossy alipomletea chai rakubani. Alikuwa anajizuia kucheka na alishindwa. "Mnasukuma na kusukuma, mnanikumbusha watu wanaopepeta mtama."

"Unacheka."

"Nilie, Baba Pearl? Tungefunga kamba."

Pearl ni binti yao aliye Kampala, na ana mchumba. Jioni ya pili mchumba huyo alipiga simu ya picha. Sura yake ikajaa kioo, meno yote nje. "Mamii!" alimwita Prossy. "Mamii umependeza! Nionyeshe bibi!" Prossy, bila kufikiri, akaigeuza simu kuelekea mamaye. Fortunato alisikia nyuma ya pazia kitu kikipigwa kofi, kisha sauti ya Teresina ikimwambia binti yake kwa ukali, "Ifunike! Mwanamume mzima anatembea na uso wake mfukoni mwa watu!" Prossy aliifunika simu kwa leso, na mazungumzo yakaendelea hivyo, kijana akiuliza mbona kuna giza Juba, umeme umekatika? Fortunato, huko upande wake, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu habari za bibi zilipofika. Dunia nzima imebaki na watu wawili, aliwaza, na wote wamo ndani ya nyumba yangu.

Ndipo mkono ulipogusa mkono.

Alikuwa amenyanyuka kufunga nafasi ya kulia, na Teresina alikuwa amenyanyuka kwa sababu hiyo hiyo. Kiganja chake kilisukuma kitambaa, na nyuma ya kitambaa palikuwa na kiganja kingine, kidogo, kigumu, cha moto. Walisimama hivyo kwa muda wa kupumua. Kisha kila mmoja akatoa mkono kama aliyegusa chungu cha jikoni. Fortunato alitoka nje, akatembea mpaka kijiwe cha bodaboda, akarudi, akatembea tena. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikuwa mlangoni kwa Sanyu.

"Karibu kwa bomba la maji, mzee," alisema Sanyu kabla hajasalimiwa.

Alilipia. Jude alilifunga bomba jeusi, lenye kishikio cha tatu kilichoning'inia kwenye mti wa paa, na Sanyu, aliyekuja naye safari hii, akapitisha pete moja ya mwisho nje ya kishikio kila upande ili pazia lisiweze kutoka ukutani. Prossy akashona vipande vizito vya risasi, vile vya nyavu za samaki, kwenye pindo la chini ili upepo usilipeperushe. Bomba halikubonyea hata kidogo. Pazia lilisimama wima kama ukuta wa zambarau. Hapakuwa na nafasi ya kupita hata inzi. Fortunato alivua shati lake, akajilaza, akapumua.

Alikuwa peke yake aliyepumua.

Maana upepo wote wa nyumba hiyo huingia kwa dirisha la mbele. Kabla ya pazia ulipita chumba chote ukatoka kwa mlango wa nyuma. Sasa ulifika kwenye zambarau ukageuka. Huko nyuma palibaki mabati yaliyochomwa na jua na mlango mmoja. Na mlango huo ukifunguliwa, moshi wa jirani anayekaanga chapati unaingia moja kwa moja. Ukifungwa ni tanuri, ukifunguliwa ni moshi. Siku ya kwanza Teresina alikohoa kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Siku ya pili alikohoa kikohozi kirefu, kikavu, kikamalizika kwa mluzi. Hakulalamika. Angelalamika kwa nani? Mwenye nyumba hasemezwi.

"Tulifungue nusu," alisema Prossy, naye hacheki tena.

"Nusu ni jicho moja. Jicho moja si jicho?"

"Basi umpe mbele, wewe uje nyuma."

"Akitaka kwenda chooni apite wapi? Kitandani kwangu? Au azunguke kwa barabara, wale vijana wa bodaboda wamhesabie safari?"

"Sijui!" Prossy akaweka birika chini kwa kishindo. "Mimi najua tu kwamba unamheshimu mpaka utamzika."

Neno hilo lilimwingia na halikutoka. Alimwita Jude aje autazame ukuta wa nyuma, kama unaweza kutobolewa dirisha. Jude aliugonga, akainama, akautazama kutoka chini hadi kwenye paa. "Mzee, ukitoboa hapa, paa litashuka kukusalimia." Kazini Fortunato alipakua maboksi akiyahesabu vibaya. Alifikiria kulipandisha pazia kidogo kutoka chini, lakini chini ndiko visigino viliko. Alifikiria kulishusha kutoka juu, lakini hewa baridi haipiti juu. Kila alipopata njia, njia ilimrudisha pale pale, kwenye kikohozi.

Ilikuwa Ijumaa mchana, amevaa kiatu kimoja na anatafuta cha pili, sauti iliposema, "Bomba."

Alisimama. Prossy alikuwa sokoni. Hapakuwa na mtu mwingine ndani.

"Bomba la pazia," ilisema sauti ya Teresina, polepole, ikipumzika kila baada ya maneno machache, "wewe uko juu, unaona pande zote mbili. Mwambie mwenye nyumba amenipokea vizuri. Mwambie sijawahi kumwona, na watoto wa siku hizi hawajui jambo hilo ni zawadi. Lakini kifua changu hakina adabu. Jumapili baada ya misa nitakwenda Sherikat kwa mke wa marehemu kaka yangu. Kule kuna upepo wa mto."

Fortunato alishikilia kiatu. Tangu aoe, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kutoka kwa mama huyo kuja kwake. Akainua uso kuelekea bomba.

"Bomba. Mwambie mama asiondoke."

"Bomba, mwulize, upepo atautoa wapi? Ataununua kwa yule Mganda?"

Fortunato aliketi kitandani na kiatu chake. Alijua Sherikat. Nyumba ya mjane huyo ilikuwa na wapangaji, madereva wa malori, wanaume wanaopita uwanjani na taulo kiunoni. Huko hapana pazia la aina yoyote. Na Teresina alijua anakokwenda, na alikuwa tayari kwenda, kwa sababu ya pumzi tu.

"Bomba," alisema, "mwambie anipe mpaka hiyo Jumapili."

Kikohozi kilijibu.

Jumamosi hakula. Alikaa rakubani akitazama nyumba yake kwa nje, jinsi mtu anavyomtazama mnyama anayekataa kuinuka. Mawazo yake, yaliyochoka kuzunguka mabomba na vishikio, yakarudi nyuma, kwa baba yake. Aliwahi kumwona baba yake akipokea mama mkwe. Baba yake hakugawanya nyumba. Alitoa mkeka wake, ngozi yake ya mbuzi na mkuki wake, akavipeleka nje kwenye moto, na nyumba nzima ikawa ya mgeni mpaka alipoondoka. Hakuna aliyelisema. Hakuna aliyelipigia hesabu. Fortunato aliona haya, akiwa peke yake pale, kwamba ilimbidi anunue mabomba mawili ndipo akumbuke. Mtu hagawani nyumba na mama mkwe. Humpa.

Jumapili, wanawake walipokwenda misa, alimpigia Jude simu.

"Mzee, leo Jumapili. Hata Mungu alipumzika."

"Mungu hakuwa na mama mkwe. Njoo."

Walilishusha bomba jeusi, wakalipeleka nje, wakalifunga kwenye nguzo mbili za rakuba, upande unaotazama nyumba. Jude alipigilia vigingi vya msaji kama vile vya ndani. Pazia la zambarau likasimama uani, zito, lina vumbi pindoni, na nyuma yake wakaweka kitanda, sanduku na kiti. Jude alirudi nyuma akatazama.

"Mzee, umejijengea nyumba ya kitambaa. Mvua ikija?"

"Nyasi zipo juu."

Jude aliziangalia zile nyasi, akaona mbingu kupitia kwazo, akanyamaza. Hiyo pia ni heshima.

Wanawake waliporudi, Fortunato alikuwa amekaa nyuma ya pazia lake. Alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Akasikia ndala zikikokota, polepole, kutoka nyuma hadi katikati, zikisimama pale pazia lilipokuwa, kisha zikivuka. Ubao wa dirisha la mbele ukasukumwa mpaka mwisho. Na baada yake pumzi moja, ndefu, isiyo na mluzi.

Prossy alikuja na chai. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mzigo wake umefungwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ameuweka karibu na mlango. Anasema hatakaa ndani baada ya kumfukuza mwenye nyumba. Anangoja jua lipungue aende."

Fortunato aliweka kikombe chini bila kunywa. Alikuwa ametoa kila kitu, na kumbe alichotoa ndicho kinachomfukuza mama.

Jua halikupungua, lilimezwa. Wingu lilikuja kutoka upande wa mto, jeusi kama lile bomba, na upepo ukatangulia mbele yake na takataka za Munuki nzima. Halafu mvua. Nyasi za rakuba zilishika matone ya mwanzo, kisha zikaacha kujisumbua. Maji yalimwagikia kitandani, sandukuni, shingoni mwa Fortunato. Upepo ulilinyanyua pazia pamoja na risasi zake zote, likajizungusha kwenye bomba likabaki limening'inia huko juu kama bendera iliyolowa. Bomba lenyewe halikutikisika. Fortunato aligeukia barabarani haraka, mgongo kwa dirisha, akakaa wima kwenye kiti huku maji yakimtiririka puani.

"Bomba!" Teresina alipaza sauti dirishani juu ya kelele za mabati. "Mwulize huyo mtu, kwao wanamheshimu mama mkwe kwa kufa kwa homa?"

"Bomba, mwambie mama mimi mzima!" alijibu Fortunato, akapiga chafya.

"Bomba, mwambie kifua kibovu kimoja kinatosha nyumba hii! Aingie! Nimejifunika!"

Alisita. Kisha akainuka, na kwa kuwa hakujua namna nyingine, aliingia kinyumenyume. Aliupapasa mlango kwa kisigino, akavuka kizingiti akiwa ametazama mvua, akarudi nyuma hatua kwa hatua, macho ameyafumba, Prossy akimshika bega na kumwongoza kama alivyomwongoza mamaye. Akamgeuza, akamkalisha kwenye kigoda, uso ukielekea ukuta wa nyuma. Teresina alikuwa kitandani, uso ukielekea dirishani, milaya imemfunika kichwa na mabega, maua mekundu na ya njano yameshuka mpaka magotini. Ndivyo Prossy alivyowasimulia watu baadaye, kwa maana ndiye peke yake aliyewaona wote wawili. Migongo ilikuwa karibu kiasi cha mtu kunyoosha mkono. Kati yao hapakuwa na pazia, wala bomba, wala kamba. Na hakuna aliyegeuza shingo.

Upepo wa mvua ulipita kutoka dirishani, ukawagusa wote, ukatoka kwa mlango wa nyuma.

Prossy alimimina chai. Akampa kila mmoja kikombe chake kwa nyuma ya bega.

"Birika," alisema Teresina, kwani bomba lilikuwa nje. Alingoja ngurumo ipite. "Mwambie mkwe wangu, baba yake alikuwa anaingia hivyo hivyo. Nilisikia habari zake kabla binti yangu hajazaliwa."

Fortunato aliutazama ukuta. Kwa pembe ya jicho, kwenye ukuta wa kulia, aliona alama pale kigingi cha Jude kilipotoka, tundu dogo la udongo mwekundu.

"Birika," alisema, "mwambie mama, akiwa ndani mimi nitakuwa nje. Mvua ikinyesha nitaingia hivi. Ikikatika nitatoka. Mpaka ziishe."

Kulikuwa na kelele za mabati tu, na hakuthubutu kugeuka, na kutojua kulimpanda kutoka miguuni kama maji. Halafu, chini ya kelele, nyuma yake karibu na mlango wa mbele, akasikia kitambaa kikivutwa, mzigo ukiburutwa sakafuni, na kucha za mzee zikihangaika na fundo lililokazwa sana.

"Prossy," alisema Teresina, "njoo unisaidie kufungua hapa."